Kuhama Chama kwa Ajili ya Mchujo: Majibu kwa Wasomaji

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia nchini Marekani, wasomaji waliopata uraia wa huko huniletea maswali yanayofanana: je, mpiga kura wa chama kimoja anaweza kubadili usajili wake, akaingia katika mchujo wa chama pinzani na kusaidia kuamua nani asimame upande ule? Ninachokiita mchujo, kama wanavyosema Wakenya, ndicho wasomaji wa Tanzania wanachokijua kama kura za maoni za chama, isipokuwa kwamba Marekani mchujo huendeshwa na serikali, katika vituo vya kawaida vya kupigia kura, na mamilioni ya watu hushiriki.

Mimi ni Mdemokrati niliyesajiliwa, na safari hii mgombea wetu hana mpinzani. Naweza kuhamia Republican nimchague aliye dhaifu kati yao, kisha nirudi? (Msomaji, Lancaster, Pennsylvania)

Ndugu yangu, kisheria unaweza. Pennsylvania ina mchujo uliofungwa, yaani karatasi ya Republican hupewa aliyesajiliwa Republican peke yake, na ya Democratic vivyo hivyo; lakini mpiga kura anaweza kubadili usajili hadi siku 15 kabla ya uchaguzi bila kuulizwa sababu, na mchujo ukishapita anaweza kurejea alikotoka kwa njia ile ile.

Hata hivyo nakuomba usifanye hivyo kwa nia uliyoieleza. Kwanza, karatasi unayoiacha haina jina la mgombea mmoja tu. Ina wagombea wa bunge la jimbo na nafasi nyingine za karibu na nyumbani kwako, ambako mara nyingi kura chache huamua, nawe utakuwa umejinyima sauti huko kwa ajili ya kucheza na nafasi ya juu. Pili, aliye dhaifu machoni pako si lazima awe dhaifu machoni pa jimbo. Mwaka 2016 wapo Wademokrati wengi walioomba kimoyomoyo kwamba Donald Trump ateuliwe, kwa kuwa walimwona mpinzani rahisi kuliko wote, na Novemba ya mwaka huo alilichukua jimbo lako hilo hilo la Pennsylvania kwa tofauti ya kura zipatazo 44,000, jambo ambalo hakuna Mrepublikani aliyelifanya tangu 1988. Anayempandisha mtu asiyemtaka ajiandae kuongozwa naye.

Husemwa kwamba mwaka 2008 mtangazaji wa redio aliwatuma Warepublikani wakavuruge mchujo wa Democratic. Ni kweli? Na walifanikiwa? (Msomaji, Houston, Texas)

Ni kweli. Mtangazaji huyo ni Rush Limbaugh, aliyekuwa na wasikilizaji wengi kuliko mwingine yeyote katika redio za mrengo wa kulia. Kufikia tarehe 4 Machi 2008, John McCain alikuwa amekwisha kujihakikishia uteuzi wa Republican, ilhali Barack Obama na Hillary Clinton walikuwa bado wanavutana. Limbaugh akawahimiza wasikilizaji wake wampigie kura Clinton, si kwa sababu walimpenda, bali ili ushindani uendelee, fedha zitumike, na wawili hao waumizane kabla ya Novemba. Mpango huo aliuita Operesheni Vurugu.

Katika jimbo lako la Texas haukuhitaji hata fomu, kwa kuwa Texas haisajili wapiga kura kwa vyama: mtu hufika kituoni na kuomba karatasi ya chama anachotaka, ingawa akishaichukua hawezi kwenda upande wa pili katika marudio ya mchujo huo. Huko Pennsylvania ilibidi watu wahame rasmi kabla ya mwisho wa Machi ili wapige kura tarehe 22 Aprili, na maelfu kwa maelfu walihama. Clinton alishinda Texas, Ohio na Pennsylvania, na tarehe 6 Mei akashinda Indiana kwa kura kama 14,000 tu, tofauti ndogo kiasi kwamba hadi leo wapo wanaoamini wavamizi ndio waliompa ushindi.

Mimi naiona hesabu hiyo kuwa ngumu kuthibitisha, na sababu yake ndiyo kiini cha suala zima. Miongoni mwa waliohamia Democratic mwaka ule walikuwamo wasikilizaji wa Limbaugh. Walikuwamo pia Warepublikani waliochoshwa na vita vya Iraq, waliompenda Obama kwa dhati, na waliomtaka Clinton kwa dhati. Fomu ya usajili ina nafasi ya jina, anwani na chama, lakini haina nafasi ya nia. Kwa nje mvamizi na mwongofu wanafanana kabisa.

Kuhusu kufanikiwa, yatazame matokeo. Obama aliteuliwa. Ushindani ulioendelea hadi Juni ulimlazimu kufungua ofisi na kuandikisha watu wa kujitolea katika majimbo ambayo kwa kawaida mgombea wa Democratic asingehangaika nayo, na Novemba akashinda Indiana, iliyokuwa haijamchagua Mdemokrati tangu Lyndon Johnson mwaka 1964. Siwezi kusema mpango wa redio ndio uliomsaidia, ila ni wazi haukumdhuru kama ulivyokusudiwa.

Mtu mmoja kanisani kwetu anasema kupiga kura katika mchujo wa chama kingine ni unafiki siku zote. Wewe waonaje? (Dada msomaji, Atlanta, Georgia)

Dada yangu, hapo sikubaliani naye, na mfano wangu unatoka si mbali na kwako. Mwaka 2014, huko Mississippi, Seneta Thad Cochran alikabiliwa ndani ya Republican na Chris McDaniel, mwanasiasa mwenye msimamo mkali zaidi. Tarehe 3 Juni McDaniel aliongoza kwa kura chache lakini hakufikia nusu, hivyo ikabidi warudie tarehe 24 Juni. Wasaidizi wa Cochran waliwaendea wapiga kura Weusi, ambao kwa kawaida ni Wademokrati, na kuwaomba waje. Wengi walikuja, naye akashinda kwa kura zisizofika 8,000.

McDaniel alilalamika kwamba ameibiwa ushindi. Lakini jiulize watu wale walitaka nini. Walijua kwamba katika Mississippi anayeshinda mchujo wa Republican karibu hakika ndiye atakayekwenda Seneti, kwa hiyo huo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Kati ya wawili ambao mmoja wao angekuwa seneta wao kwa miaka sita, walimchagua yule waliyeona kwamba angalau atawasikiliza. Walimtaka ashinde, naye akashinda hata Novemba. Unafiki uko wapi hapo?

Tofauti ninayoishikilia ni hii: yupo anayevuka ili ampate kiongozi atakayeweza kuishi naye, na yupo anayevuka ili wenzake wapate mgombea mbovu. Wa kwanza anatumia kura kwa kazi yake, yaani kumchagua anayefaa. Wa pili anamwekea jirani yake sumu mezani, na jirani huyo ni mwananchi mwenye haki kama yeye ya kuchagua kati ya watu wawili walio bora. Swali la kujiuliza kabla ya kuchukua karatasi ya chama kingine ni moja: je, huyu ninayemchagua nitafurahi akiapishwa?

Kwa nini majimbo yasifunge tu mlango, mtu akishajisajili asiweze kuhama kabla ya mchujo? (Msomaji, Denver, Colorado)

Yapo yaliyojaribu. New York iliwahi kumtaka mpiga kura achague chama siku 30 kabla ya uchaguzi mkuu wa Novemba ili aruhusiwe kushiriki mchujo wa mwaka unaofuata, na mwaka 1973, katika kesi ya Rosario dhidi ya Rockefeller, Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali sheria hiyo kwa majaji watano dhidi ya wanne, hoja ikiwa ni kuzuia uvamizi wa aina hii. Mwaka huo huo mahakama ile ile iliifuta sheria ya Illinois iliyomfungia mtu miezi 23 kwa kuwa tu alipiga kura katika mchujo wa chama kingine. Maana yake ni kwamba kufuli linaruhusiwa, mradi lisimfungie mtu nje kwa muda mrefu kupita kiasi.

Lakini tazama kufuli la New York lilimnasa nani. Mwaka 2016 mchujo wa urais ulikuwa tarehe 19 Aprili, na siku ya mwisho ya kubadili chama ilikuwa mapema Oktoba 2015, wakati watu wengi hawajaanza hata kuwasikiliza wagombea. Ivanka na Eric Trump walichelewa, wakashindwa kumpigia kura baba yao mzazi. Ikiwa watoto wa mgombea wenyewe hawakuijua tarehe, mhudumu wa hospitali anayefanya kazi zamu mbili ataijuaje? Mvamizi aliyejipanga huweka tarehe katika kalenda. Anayefungiwa nje ni mtu mkweli aliyebadili mawazo. New York yenyewe ilikuja kuisogeza tarehe hiyo hadi Februari.

Wyoming imekwenda kinyume. Mwaka 2022 Liz Cheney, mbunge wa Republican aliyetaka kurudi bungeni, aliwaomba Wademokrati waziwazi wahamie Republican kwa ajili yake, maelfu wakahama, naye akashindwa vibaya katika mchujo na mpinzani wake Harriet Hageman, asilimia 66 kwa 29 hivi. Pamoja na kwamba wahamaji hawakubadili chochote, mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria inayozuia kubadili chama tangu wagombea wanapoanza kujiandikisha mwezi Mei hadi mchujo wa Agosti upite. Ina maana mtu anatakiwa achague chama kabla ya kuwajua wagombea. Naiona hiyo ni dawa kali kwa ugonjwa ambao haukuonekana.

Kwenu Colorado mmechagua njia ninayoipenda zaidi: tangu kura ya wananchi ya 2016, asiyesajiliwa na chama hutumiwa karatasi za vyama vyote viwili kwa posta na kurudisha moja tu. Hakuna anayelazimika kuvaa joho la chama asichokiamini.

Nina kadi ya kijani, bado sijawa raia. Naweza kujisajili na chama ili nishiriki mchujo tu? (Msomaji, Louisville, Kentucky)

Hapana, mama, tafadhali usijaribu. Kujisajili na chama huko ni sehemu ya kujiandikisha kupiga kura, na hilo ni la raia peke yao. Anayedai kuwa raia ilhali siye anaweza kushtakiwa na kufukuzwa nchini, hata kama alikosea kwa kutoelewa fomu. Unapoomba leseni ya udereva, huenda karani akakuuliza kama ungependa kuandikishwa; mjibu hapana.

Je, jambo hili linawezekana Kenya? (Msomaji, Mombasa)

Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inamkataza mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja, na anayehama anatakiwa kujiuzulu kwa maandishi kwanza. Ugumu wenu uko kwenye daftari lenyewe. Mwaka 2021, Wakenya walipopata nafasi ya kukagua usajili wao mtandaoni, wengi waligundua kwamba wameandikishwa katika vyama wasivyowahi kuvikanyaga. Pasipo orodha safi ya wanachama hatuwezi hata kuzungumzia nani amevuka na nani hakuvuka, na katika maeneo ambako tiketi ya chama kimoja ni sawa na ushindi, orodha hiyo ina uzito kuliko masanduku ya Agosti.

Nimesikia kwamba Ohio mtu anaweza kusimamishwa kituoni na kutakiwa kutia saini. Nifanyeje nikipingwa? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Umesikia sawa. Ohio chama chako hujulikana kwa karatasi uliyoomba katika mchujo, na ukiomba ya upande mwingine, msimamizi wa kituo anaweza kukupinga na kukutaka utie saini tamko kwamba unakiunga mkono chama hicho na misingi yake. Kutia saini tamko la uongo ni kosa la jinai. Mwaka 2008, baada ya Operesheni Vurugu, maofisa wa uchaguzi wa eneo la Cleveland walichunguza waliovuka, lakini kesi hazikufuata, kwa kuwa ni vigumu mno kuthibitisha mtu aliamini nini siku ile.

Ikiwa kweli umekihamia chama hicho, tia saini bila hofu. Ikiwa hujahamia, usitie saini kwa kutegemea kwamba hutakamatwa. Uliza kama kuna karatasi yenye maswali ya umma peke yake, kama vile kodi ya shule, ambayo haina jina la chama chochote, nawe utapiga kura yako siku hiyo bila kutamka usichokiamini.