Stata Iwe ya Mwisho: Kwa Spanaboi Anayekabidhiwa Katapila Iliyolala

Mwenye mashine atakuja na betri mbili juu ya bodaboda. Atazishusha, atafuta jasho, atakwambia: "Fundi, iwashe tu tusikie inavyolia, mengine tutaongea." Mheshimu, maana pesa ni yake, ila siku hiyo usimtii.

Nakumbuka katapila moja aina ya D6D upande wa Tororo, kwenye shimo la moramu, ule udongo wa kujengea barabara, imelala miaka saba chini ya mvule. Cheni zimezama topeni, nyuki wamejenga chini ya kiti, na askari wa shimo anaanika mihogo juu ya boneti. Mzee mwenye mali aliniuliza itawaka lini. Nikamwuliza kofia ya eksozi iko wapi. Hakujua hata kwamba ilikuwapo.

Kile kibati kinachofunika bomba la eksozi wengi hukiona pambo. Kikipotea, mvua inashuka kwenye bomba moja kwa moja, na injini ikiwa imesimama lazima kuna silinda yenye valvu iliyobaki wazi. Hesabu mwenyewe mvua za Machi hadi Mei, kisha za Septemba hadi Novemba, mara saba. Maji hayabanwi kama hewa. Ukipiga stata huku maji yamekaa juu ya pistoni, pistoni inapanda, inagonga maji, na kinachopinda ni konrodi, mkono unaoshika pistoni. Hapo umegeuza kazi ya wiki mbili kuwa kazi ya kununua injini.

Kwa hiyo anza na nozeli, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Zitoe zote, mulika tochi kwenye matundu, uone kilichomo. Injini ya D6D ni modeli ya 3306, silinda 6, lita 10.5, na ni injini mvumilivu ukiipa muda. Mimina kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, funika matundu kwa vitambaa safi, nenda nyumbani. Rudi kesho, ongeza. Sisi tulikaa siku nne. Siku ya tano tukaingiza mtaimbo kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, tukasukuma mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele tena. Ikisogea robo mzunguko halafu ikagoma, rudisha nyuma, usilazimishe. Kijana mmoja alitaka kuunganisha bomba refu kwenye mtaimbo apate nguvu. Nikamtuma chai.

Wakati unasubiri, fungua nati ya chini ya karta, lile bakuli la oili chini ya injini, polepole, bila kuitoa, na kinga chupa tupu inayoonyesha ndani. Maji ni mazito kuliko oili, yatatangulia. Acha chupa isimame usiku kucha, asubuhi utaona mstari kati ya maji na oili. Fanya hivyohivyo kwa oili ya haidroliki na ya gia. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imwage yote, usijidanganye kwamba itajisafisha ikipata moto.

Dizeli iliyokaa tangini miaka yote hiyo usiiamini kabisa. Chini kuna maji na ute mweusi unaoziba fileta ndani ya dakika tano. Sisi hufunga jerikeni safi juu kuliko pampu, tunaweka fileta mpya, na injini inanyweshwa kutoka hapo mpaka tanki lioshwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilipokuwa spanaboi, tulipelekewa greda iliyolala kama hiyo. Tajiri alisimama juu yetu tangu asubuhi, akapiga kelele mpaka tukaiwasha. Iliwaka vizuri. Kisha mlio ukapanda, ukapanda tena, na mguu wa mtu haukuwa kwenye akselereta. Ndani ya pampu ya dizeli kuna fimbo nyembamba inayoteleza mbele na nyuma kupima kiasi cha dizeli. Mashine ikilala, ile fimbo inanata kwa kutu na utomvu wa dizeli kuukuu. Ikinata ikiwa imefungua, gavana, kifaa kinachozuia injini isizidi kasi, haina mkono wa kuivuta, na injini inajilisha yenyewe mpaka ipasuke. Injini iliyotengenezwa kufanya kazi kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika ilikuwa inalia kama kingʼora. Dereva alizungusha swichi, hamna. Mwenzangu akafunga bomba la tanki, lakini dizeli iliyobaki njiani ilitosha kutumaliza. Fundi mkuu, mzee aliyekuwa akitembea kwa kuchechemea siku zote, alifika pale mbio, akaokota kipande cha ubao na kukibamiza kwenye mdomo wa bomba la hewa. Injini ikakoroma, ikatetemeka, ikafa. Hakutupigia kelele. Alituonyesha ubao ulivyonyonywa mpaka ukaacha alama ya duara, akauliza: "Ingekuwa kiganja chako?"

Basi kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha pembeni ya pampu, hakikisha ile fimbo inateleza kwa kidole na inarudi yenyewe. Ikisita, pampu iende kwa fundi wa pampu, hata kama mwenye mali analia. Siku ya kuwasha, toa fileta ya hewa, chungulia kama panya au nyigu hawajajenga ndani ya bomba, na mweke mtu mmoja hapo na ubao mnene unaofunika mdomo wote. Kazi yake ni hiyo tu. Asishike simu.

Kuhusu bei. Usikubaliane bei ya kazi kabla hujalala chini na kuangalia cheni. Watu husikiliza injini, lakini kwenye katapila miguu ndiyo inayokula pesa, inaweza kufika karibu nusu ya gharama za kuitunza mashine. Meno ya sproketi, gurudumu linalovuta cheni, yakichongoka kama kipi cha jogoo, yameisha. Pima urefu wa viungo vinne vya cheni, pini hadi pini, linganisha na kitabu cha mashine. Viungo vilivyoshikana kwa kutu vitakuonyesha cheni imepinda na haishuki, na ukiivuta hivyo utakata pini. Ukilegeza cheni, valvu ya grisi ifungue mzunguko mmoja tu, ukiwa umesimama pembeni. Grisi ya ndani ina shinikizo la kupenya ngozi, na jeraha lake kwa nje ni kitundu kama cha sindano. Mtu akipigwa nayo, hospitali saa hiyohiyo, hata kama haumwi. Na ile springi kubwa nyuma ya aidla, gurudumu la mbele la cheni, bolti zake usiziguse bila kifaa chake.

Bledi, lile koleo kubwa la mbele, pia ishushwe chini au ikae juu ya magogo ya mkalitusi. Haidroliki iliyolala haishiki kitu.

Vipuri: piga picha kibati cha seri namba kabla ya kwenda Kampala. Ukifika soko la vipuri la Kiseka ukasema "nataka gasketi ya D6" utauziwa gasketi ya D6, na haitakuwa yako. Nati na bolti ziweke kwenye makopo ya Kimbo, kila kopo na jina lake. Simu ina kamera, itumie kabla ya kufungua.

Rejeta msijaze maji ya kinamasi. Mjengo wa silinda kwenye injini hizi unaguswa na maji moja kwa moja, na maji matupu huuchimba vitobo mpaka yanaingia kwenye oili. Weka maji safi na dawa yake.

Ya Tororo tuliizungusha kwanza kwa stata bila dizeli mpaka geji ya oili ikapanda. Kisha tukaifungulia. Iliwaka mara ya tatu, moshi mweupe, mihogo ya askari ikawa na harufu ya eksozi, na mtu wa ubao hakuutumia. Mzee alitaka lobedi, trela la kubebea mashine, ije kesho yake.

Nikamwomba saa kumi za kazi nyepesi. Zilipoisha, nilitoa fileta ya oili nikaikata kwa kikatio cha kuzungusha. Usiikate kwa msumeno wa chuma, unga wake utakudanganya. Nilikunjua karatasi juani, nikaikamua, nikapitisha sumaku. Nyingi ilikuwa masizi. Lakini kwenye mikunjo ya chini kulikuwa na vimeta vya rangi ya shaba, na sumaku haikuvitaka. Nikamwita mzee aone kwa macho yake, kisha tukafungua karta. Beringi kubwa za krankshafti ni saba. Tatu zilikuwa zimelika mpaka kwenye shaba. Lobedi ilirudi Malaba bila mzigo, mzee akaninunia wiki mbili, na hela yangu ya mwisho alinilipa bila kuniangalia usoni.