Anatubu, analia, anarudia: toba ina nafasi gani katika unasihi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mtumishi. Mimi ni mwinjilisti wa usharika na nimesoma kozi fupi ya unasihi. Ninaye kijana aliyeajiriwa, ana mke na mtoto mmoja anayesoma. Anabeti kwenye simu. Ameshapoteza ada ya mtoto na fedha za kikoba cha mkewe. Kila akija kwangu anatubu kwa machozi, tunaomba, anatulia wiki tatu hivi, kisha anarudia. Mwenzangu mmoja ananiambia niache mambo ya toba nikiwa kwenye unasihi, nitumie mbinu za kitaalamu tu. Ni sahihi? Na kama toba inafaa, niitumieje?

JIBU: Amina, mwinjilisti. Toba inafaa, ilimradi anayenasihiwa ni mwamini na yeye mwenyewe ndiye aliyeileta. Kwa huyu ndugu, yote mawili yapo. Ungekuwa unanasihi kwenye kituo cha afya au shule ya serikali, na mtu hajaomba msaada wa kiimani, ningekuambia usiiguse.

Ninachokiona ni kwamba mnaimaliza toba mapema mno. Anaungama kwa jumla, analia, mnaomba, anaondoka mwepesi. Nafuu ile ni ya kweli, lakini inamtosha, na kwa kuwa inamtosha hafanyi kingine. Machozi yake yasikuzuie kuendelea na kikao.

Soma tena maelezo yako: anatulia wiki tatu hivi. Je, analipwa lini? Kama anakuja kwako mshahara ukiwa umeshaliwa, basi ule utulivu huenda si ushindi. Ni mfuko mtupu. Kikao kijacho mwombe aje na simu yake, na kwa ridhaa yake mfungue meseji za miamala ya miezi mitatu iliyopita. Andikeni kwenye karatasi: tarehe, saa, kiasi, fedha ilikuwa ya nini, na muda mfupi kabla ya hapo kulitokea nini. Mtaona mpangilio. Pengine ni Ijumaa jioni akiwa peke yake, pengine ni kila baada ya ugomvi wa nyumbani, pengine ni siku anayodaiwa.

Hapo ndipo maungamo yanapopata mwili. Atakapoanza kwa kusema “shetani alinipitia”, usimkatize, ila muulize taratibu: Ulikuwa wapi? Simu uliishika saa ngapi? Fedha uliitoa wapi? Mke alipouliza ulimjibu nini? Mpaka afike mahali pa kusema, “Jumamosi saa mbili usiku nilichukua laki moja na nusu ya kikoba, na mke wangu aliponiuliza nikamwambia nimemkopesha rafiki.” Hiyo ndiyo dhambi yenye sura, na ndiyo tabia inayoweza kufanyiwa kazi. Mchungaji na mtaalamu wa saikolojia wanakutana kwenye sentensi hiyo moja.

Ninaipenda sana Luka sura ya 3 kwa kazi hii. Yohana Mbatizaji anadai matunda yanayopatana na toba, watu wanamuuliza, “Tufanye nini basi?”, naye hatoi jibu moja kwa wote. Mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari wasidhulumu watu. Kila mmoja anaambiwa la kwake, pale pale anapoangukia. Kwa mtu wako matunda hayo ni mambo kama haya: programu za kubeti zifutwe mbele yako, aziombe kampuni zenyewe zifunge akaunti zake, na mshahara uingie mahali ambapo hawezi kuutoa peke yake, kama mke ataridhia. Siku ya malipo akupigie wewe au mzee wa kanisa anayemwamini kabla hajafika nyumbani.

Kisha kuna kulipa. Hapa makanisa yetu mengi yamelegea. Hesabu sura ya 5 inamtaka aliyekosa aungame, arudishe alichochukua, na aongeze sehemu ya tano. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu waliorudisha walivyoiba. Simaanishi umdai huyu kijana mara nne. Aandike orodha ya aliowakosea na kiasi anachodaiwa na kila mmoja, kisha mpange malipo madogo anayoyaweza kweli. Elfu ishirini zinazolipwa kila mwezi zinamjenga kuliko ahadi ya kulipa zote mwezi ujao, kwa sababu mwenye ahadi kubwa ndiye anayerudi kubeti ili aitimize.

Uwe makini na maungamo ya hadharani. Kanisani akitaja aliyoyafanya, anamvua nguo na mkewe, ambaye hakuombwa ruhusa. Harakati ya walevi wanaoacha pombe iliyoanza Marekani mwaka 1935 ina hatua ya kuwatengenezea watu uliowakosea, na imeweka sharti: isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutawaumiza wao au wengine. Ni sharti la kuheshimiwa hata madhabahuni.

Mwenzako naye ana hoja. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unaiweka kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya, na kurudia ni sehemu ya kawaida ya safari ya kutoka kwenye uraibu. Kwa hiyo akirudia, usimwanzishe upya kama vile hajawahi kutubu. Chukueni ile karatasi, mwongeze mstari, muulizane ni mlango gani ulibaki wazi. Na muulize bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na wenye madeni ya kamari wapo hatarini. Akisema ndiyo, asiondoke peke yake. Siku hiyo hiyo apelekwe hospitali yenye huduma ya afya ya akili.

Wapo watu ambao hupaswi kuwapeleka kwenye toba kabisa. Aliyebakwa au kupigwa asiulizwe alichangia nini. Mwenye sonona anayejiona ameoza mbele za Mungu anahitaji matibabu, si orodha ya dhambi. Yupo pia anayeungama jambo lile lile kila siku na hapati amani. Martin Luther akiwa mtawa aliungama kwa saa nyingi mfululizo mpaka mlezi wake wa kiroho akachoka. Mtu wa namna hiyo ukimsikiliza kila anapotaka kuungama unamzidishia hofu. Na anayempiga mke au kumdhuru mtoto, toba yake isikuzuie kutoa taarifa. Nchini Tanzania Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa mtoto anapodhuriwa, na polisi wana dawati la jinsia na watoto.

Mwisho, mkewe. Mwonane naye peke yake, bila mume kukaa pembeni. Usianze kwa kumwomba asamehe. Tayari kila mtu anamwambia hivyo. Muulize kikoba kinadai shilingi ngapi, mwisho wa kulipa ni lini, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada au bado yuko darasani. Majibu yake ndiyo yataonyesha nani anatangulia kwenye ile orodha ya malipo.