Askari wa jiwe wa Devil's Den: mliyouliza

Juma lililopita niligusia sanamu ya askari aliyesimama Devil's Den, eneo la majabali katika uwanja wa vita wa Gettysburg, jimbo la Pennsylvania, kashika mti wa kushindilia baruti. Hapo walipigana majeshi ya Kaskazini na Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ni mnara wa kikosi cha 4 cha mizinga cha New York, cha Kapteni James E. Smith, upande wa Kaskazini. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia.

Kwa nini hawakuujenga mjini, watu wakauona? (Msomaji, Dodoma)

Kwa sababu mizinga yao ilikuwa pale. Tarehe 2 Julai 1863 Smith alikuwa na mizinga sita ya aina ya Parrott. Minne aliipandisha kwenye ukingo wenye majabali, miwili akaiacha nyuma bondeni kwa kuwa huko juu palikuwa pafinyu. Kabla ya jua kuzama, askari wa Kusini walikwisha kuupanda ukingo ule na kuteka mitatu. Yaani huu ni mnara wa watu walionyang'anywa nusu ya mizinga yao, na umewekwa palepale waliponyang'anyiwa!

Chama kilichosimamia uwanja huo zamani kilikuwa na kanuni: jenga kikosi chako kiliposimama kwenye mstari wa vita, si unapopatamani. Si wote walioikubali. Askari wa miguu wa kikosi cha 72 cha Pennsylvania walitaka sanamu yao iwe mbele zaidi, wakaenda mahakamani, kesi ikapanda hadi mahakama ya juu ya jimbo, na mwaka 1891 wakashinda.

Mizinga iliyo kando ya minara ni ya kweli au ya maonyesho? (Msomaji, Mombasa)

Mitutu mingi ni ya kweli, ya enzi ile. Magari yake, yaani vibebeo vyenye magurudumu, ndiyo ya baadaye: yametengenezwa kwa chuma, maana ya mbao yangeoza kwa mvua na theluji. Ukiona mtutu umegeuka kijani, huo ni wa shaba nyeusi, kwa kawaida ule walioubatiza Napoleon. Mweusi ni wa chuma. Na ukiwa na pete nene kwenye kitako, hiyo ndiyo Parrott. Ila usiupapase ukadhani lazima ndio uliopiga hapo. Mizinga iliwekwa kuonyesha mahali tu.

Je, upo hata mmoja unaojulikana kwa hakika kuwa ulipigana? (Msomaji huyohuyo)

Upo, ila huu nitakaousimulia hauko Gettysburg. Uko Providence, kwenye jengo la serikali ya jimbo la Rhode Island. Tarehe 3 Julai, katika mapigano ya mizinga kabla ya shambulio kuu la Kusini, kombora liliupiga mdomoni na kuwaua wapigaji wawili waliokuwa wakiujaza. Wenzao wakajaribu kushindilia tufe jingine, likakwama mdomoni uliopondeka. Mtutu ulipopoa, tufe likang'ang'ania. Limo mpaka leo. Kinachonichekesha, kwa woga kidogo, ni kwamba baruti nayo ilibaki ndani. Ilitolewa mwaka 1962, baada ya karibu karne nzima ya watu kuusogelea na kuushangaa.

Ni kweli sanamu ya Devil's Den iliwahi kukatwa kichwa? (Msomaji, Arusha)

Kweli. Februari 2006 wahuni waliiangusha usiku, kichwa wakaenda nacho. Minara mingine miwili iliharibiwa usiku huohuo.

Mizinga ilivutwa na farasi. Mbona minara hii haina farasi? (Msomaji, Maryland)

Swali hili ndilo lililonikalisha kitako. Mzinga mmoja ulivutwa na farasi sita, na adui aliwalenga makusudi: farasi wakifa, mzinga hauondoki. Kikosi cha 9 cha Massachusetts, cha Kapteni John Bigelow, kiliamriwa kushikilia shamba la Trostle jioni ya tarehe 2 ili wengine wapate muda wa kupanga safu mpya nyuma yao. Kati ya farasi wake 88, walipotea 80. Wachongaji walipewa kazi na maveterani, na maveterani walitaka kuonekana wao, au silaha zao. Farasi wa Bigelow tunao kwenye picha tu: Timothy O'Sullivan alifika siku chache baadaye na kamera, akawakuta bado wamelala uani mwa nyumba ya Trostle.