Barua za Wasomaji: Mwigizaji Anayetaka Kuwaandikia Watoto

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu kutoka Bagamoyo. Nilisoma sanaa za maonyesho hapa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na sasa ninaigiza katika tamthilia ya televisheni. Nimeanza kuandika riwaya ya watoto, lakini wenzangu wanasema mwigizaji akishika kalamu, watu huona uigizaji umemshinda. Je, yupo aliyeziweza kazi zote mbili, nami nizingatie nini? — Msomaji, Dunda.

JIBU: Ndugu msomaji, waliokuambia hivyo wamekukatisha tamaa bila sababu. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ian Ogilvy wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1943. Watazamaji walimfahamu sana kwa Return of the Saint, tamthilia ya sehemu 24 iliyorushwa mwaka 1978 na 1979, ambamo alimwigiza Simon Templar, mhusika ambaye katika miaka ya 1960 aliigizwa na Roger Moore. Nawe unajua uzito wa kuvaa nafasi ambayo watu wamekwisha kumzoea mwingine. Kitabu chake cha kwanza cha watoto, Measle and the Wrathmonk, kilitoka mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 60 hivi, kisha vikafuata vingine vya mvulana huyohuyo, Measle.

Kitazame kisa chenyewe. Measle anaishi na mlezi katili katika nyumba chafu, na mlezi huyo, ambaye ni mchawi, anamfanya awe mtu mdogo kama kidudu na kumtupa katika mji mdogo wa treni za kuchezea uliojengwa juu ya meza. Vitisho vyote vya mtoto yule viko juu ya meza moja, na msomaji anajua kila wakati nani amesimama wapi na hatari inatokea upande gani. Kwa maoni yangu, huo ni utunzi wa mtu aliyezoea jukwaa. Wewe pia umefundishwa kuingia, kutoka, kunyamaza na kumjibu mwenzako kwa wakati wake, na mtunzi anayewaandikia watoto wa miaka tisa au kumi hawezi kukosa hayo.

Hata hivyo, mswada wa televisheni huachia kamera na sura ya mwigizaji kazi kubwa, ilhali katika riwaya hofu ya mhusika itabidi uiandike wewe mwenyewe, kwa maneno machache ambayo mtoto anayamudu. Kwa hiyo usiwasomee waigizaji wenzako, ambao watakusifu. Wakusanye watoto wa mtaani kwako mkekani, uwasomee sura moja kwa sauti ya kawaida, bila kuigiza, kwa kuwa ukiigiza, sauti yako itaficha udhaifu wa maandishi. Pale watoto wanapoanza kuchokonoa ukili wa mkeka, weka alama ya kalamu pembeni mwa ukurasa. Sehemu hiyo ifupishe au uiondoe, hata kama ndiyo unayoipenda kuliko zote, na naelewa kwamba mara nyingi ndiyo hiyo.

Usiache kuigiza, kwani mrabaha wa kitabu cha kwanza haulipi kodi ya nyumba. Ifuatilie pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo imekuwa ikipokea hadithi za watoto.

Ukimpata mchapishaji, usome mkataba mstari kwa mstari kabla ya kutia saini, hasa kifungu kinachohusu haki ya kuigeuza hadithi kuwa filamu au tamthilia. Waandishi wengi hukipita haraka, lakini wewe unayejua namna vipindi vinavyotengenezwa una sababu ya kuibakiza haki hiyo mikononi mwako, na ni halali kabisa kumwomba mchapishaji akiondoe kifungu hicho.