Dokta ameniambia sina mbegu, na bibi yangu hajui

SWALI: Shehe, assalamu alaykum. Nina miaka 34, nauza viatu Birere, hapa Goma. Tuna miaka 6 ya ndoa, hatujapata mtoto. Mwezi uliopita dokta alinipa karatasi ya labo: penye hesabu ya mbegu pameandikwa sifuri. Nimeikunja, nikaificha ndani ya boksi la viatu. Bibi yangu hajui, na mama yangu bado anamchemshia mizizi anywe. Usiku silali. Je, Mungu ameniadhibu?

JIBU: Wa alaykumu s-salaam, mdogo wangu.

Hapana. Soma Sura Ash-Shura, aya ya 49 na 50: Mungu humpa amtakaye mabinti, humpa amtakaye wavulana, na humfanya amtakaye tasa. Amtakaye, haikusemwa aliyemkosea. Na ukitaka kulia, lia. Mtume (s.a.w.) alitokwa na machozi mbele ya masahaba alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Hii ya kusema mwanaume halii ni ya mitaani kwetu, haimo katika dini.

Kinachonisumbua mimi ni hiyo mizizi. Fungua Sura Maryam uone Zakariya anavyoomba mtoto. Anaomba kwa siri, kweli, lakini anaanza na mafupa yake yaliyodhoofika na mvi za kichwa chake. Mkewe anamtaja baadaye. Wewe umenyamaza, na kila kikombe anachomeza bibi yako kinamshuhudia kwamba kasoro ni yake. Kuwaficha majirani ni haki yako. Kumficha yeye ni dhuluma.

Mwambie mwenyewe, usimtume shangazi. Watu wakishalala, itoe karatasi, mpe aishike. Akinyamaza siku mbili, mwache. Akitaka kuzungumzia ndoa yenyewe, msikilize. Kwa mama inatosha useme: "Shida iko kwangu, mizizi ikome." Karatasi si lazima aione.

Kisha rudini hospitali wote wawili. Madaktari hurudia kipimo hicho, halafu hutafuta kama njia imeziba au mbegu hazitengenezwi, maana matibabu yake si mamoja. Ila mbegu ya mwanaume mwingine, wanazuoni wetu wengi wameikataza. Na anayekuuzia kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya aya, huku akikuahidi mtoto, mpite.

Mama akiuliza bibi yako ataitwa mama nani, mwambie Bibi Aisha, mke wa Mtume, hakuzaa. Mtume alimpa jina la Umm Abdillah, Mama Abdallah, kwa mtoto wa dada yake Asma.