Jibu: Futi 45 ni kubwa mno kwa watu wawili

Ndugu, umeuliza kama muuze boti ya futi 28 mchukue ya 45, kwa kuwa wewe na mkeo mnataka kuhamia ndani na kutembea kati ya Kilifi na Mafia. Mimi ningeishia futi 38 au 40. Uzito, matanga na rangi ya chini hupanda kwa kasi kuliko urefu wenyewe, na tanga kuu la futi 45 likigoma kushuka usiku wa kusi, mtu mmoja halitiishi.

Mkuku, yaani uti wa chini ya boti, usishuke zaidi ya mita 1.8 ndani ya maji. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na vijito vingi vina fungu la mchanga mlangoni.

Kwenye ukaguzi msiwe na haraka. Gonga sitaha yote kwa mpini wa bisibisi: panapotoa mlio mfu huenda pameloa ndani, hasa kama katikati ya faibaglasi kuna mbao nyepesi ya balsa. Kisha fungua makabati, utazame vyuma vya kushikia waya za mlingoti pale vinapopenya sitaha. Chuma cha pua huliwa penye unyevu usio na hewa, huku juu kinang'aa tu! Ukiona kutu kwenye kiungo cha mkuku na boti, usilipe hata arubuni kabla boliti zinazoushika hazijakaguliwa. Waya zikipita miaka 10, gharama ya kuzibadilisha itoke kwenye bei.

Maji, lita 400: siku 20 kwa lita 10 kila mmoja. Mnyororo wa nanga wa milimita 10, mita 60, una karibu kilo 140, na zote zinakaa omo, yaani mbele ya boti.