Mpangaji wako wa Columbus

Mwanangu Salim,

Umeniuliza: mpangaji wa nyumba yako ya Columbus, Ohio, hajalipa miezi miwili, nawe uko Houston, Texas; je, umwombe jirani abadilishe vitasa? Usithubutu. Kifungu cha 5321.15 cha sheria za Ohio kinamkataza mwenye nyumba kubadilisha kufuli au kukata maji na umeme ili kumtoa mtu. Ukifanya hivyo, fidia pamoja na ada ya wakili wake vitakuangukia wewe.

Anza na notisi ya siku 3 ya kumtaka aondoke. Kifungu cha 1923.04 kina maneno yanayomwambia aondoke, la sivyo huenda akashtakiwa, na kwamba akiwa na shaka atafute msaada wa sheria. Yanakili neno kwa neno, yaonekane wazi. Apewe mkononi, au iachwe pale nyumbani, au itumwe kwa barua ya posta iliyothibitishwa (certified mail) yenye risiti ya kupokelewa. Anayeibandika mlangoni apige picha inayoonyesha karatasi na namba ya nyumba.

Kwenye kuhesabu ndipo wengi wanapokwama. Siku ya kupewa haihesabiwi, wala Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Akipewa Ijumaa, Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, Jumatano ya tatu, nawe unafungua kesi Alhamisi. Ukiwahi siku moja tu, kesi inaweza kutupwa na ukaanza upya. Halafu tazama mkopo wako wa nyumba: kama umedhaminiwa na FHA, shirika la serikali kuu, au uko chini ya Fannie Mae au Freddie Mac, kampuni zinazonunua mikopo ya nyumba, mpe siku 30, kwa sababu ya CARES, sheria ya msaada wa wakati wa corona ya 2020.

Baada ya notisi, usipokee kodi ya mwezi unaofuata. Akikurushia kwa Zelle, huduma ya kutumiana pesa benki kwa benki, irudishe siku hiyohiyo, maana kuipokea ni kuiua notisi yako mwenyewe.

Sasa umbali. Ulisema nyumba umeiandika kwa jina la LLC, yaani kampuni yako yenye dhima ndogo. Basi ajiri wakili tangu mwanzo, kwani kampuni haijisimamii yenyewe kwenye kesi hizi. Meneja wa nyumba anaweza kuja kuwa shahidi wa hesabu za kodi, lakini hawezi kukufungulia kesi. Barua yako kutoka Houston haitoshi. Hakimu anataka mtu aliye mbele yake anayezijua hesabu hizo. Na kwa kuwa hukai Ohio, unatakiwa uwe na wakala mkazi wa huko wa kupokea hati za mahakama, jina lake likiwa kwa mkaguzi wa kaunti (county auditor).

Wito wa mahakama lazima umfikie siku 7 kabla ya kusikilizwa. Ukishinda, afisa wa mahakama ndiye anayesimamia kumtoa. Wabebaji wa vyombo ni juu yako. Madai ya kodi anayodaiwa yanakwenda polepole, mpangaji ana siku 28 za kuyajibu.

Lakini kabla ya hayo yote mpigie simu, mwanangu. Akikubali tarehe ya kuhama kwa maandishi, kila mmoja wenu ameokoka. Akikataa, nitumie notisi niisome kabla haijabandikwa.

Mama yako